Hapa Hakuna Awiti

Mtu akifika Kangemi, kule nyuma ya soko, akaulizia kwa Awiti, huambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Akimuuliza Mama Ciru, muuza makaa, Mama Ciru humpima kutoka utosini hadi kwenye viatu, humuuliza ametumwa na nani, kisha humwambia labda huyo Awiti alihamia Kawangware. Mgeni hugeuka akaenda zake. Awiti mwenyewe huwa amesimama nyuma ya pazia la mlango wake, karibu kabisa, akikitazama kisogo cha mgeni mpaka kipotelee kwenye kona.

Ndivyo alivyowafundisha majirani, na alikuwa na sababu. Mumewe, Oyoo, alipofariki, walikuja wanaume wawili waliovaa vizuri, wakauliza kwa upole anakoishi mjane. Majirani wakawaonyesha. Wanaume wale wakampa pole, wakanywa chai yake, wakamwomba aweke kidole gumba kwenye karatasi ili mtoto asaidiwe shuleni. Awiti hajui kusoma. Akaweka kidole. Msimu wa kupanda ulipofika akaenda kwao Muhoroni, nchi ya miwa, akamkuta shemeji yake amelima hadi kizingiti cha nyumba yake, na wazee wa ukoo wakamwambia kwamba shamba amelitoa mwenyewe, tena kwa kidole chake.

Tangu hapo mtu akimchekea, Awiti hujiuliza anachekea nini. Muuza nyanya akimwongezea moja juu, huigeuzageuza akitafuta palipooza. Na kila alipofikiria ni nani aliyewatuma wale wanaume, jina lililomjia kwanza halikuwa la shemeji. Lilikuwa la Mukonyo.

Mukonyo alikuwa mwanamke wa pili wa Oyoo. Awiti hakuambiwa habari zake na mtu yeyote. Oyoo alikuwa bawabu wa nyumba za kupanga huko Parklands, akija Kangemi Jumapili tu, eti kazi ni nyingi. Kisha mtoto wao mdogo, Were, akashikwa na homa ya kichwa, akalazwa. Awiti alipoingia wodini asubuhi alimkuta mwanamke mgeni ameketi kitandani pa mtoto, na chupa ya uji mkononi, na Oyoo kando yake akitazama sakafu. Were alifariki wiki hiyo. Awiti alizika mtoto na ndoa kwa mkupuo mmoja, akabaki na mwanawe mkubwa, Oduor.

Sasa Awiti anafua nguo Loresho, kwa familia moja iliyomwajiri tangu mwaka juzi. Mwenye nyumba ni mama wa Kikuyu anayefanya kazi katika shirika kubwa la kimataifa na kutoka asubuhi mapema. Mumewe hubaki nyumbani. Jina lake Eladio, mtu mzima mwenye mvi, mweusi kama watu wa Muhoroni, ila ametoka nchi ya kisiwani, mbali sana, iitwayo Jamhuri ya Dominika. Kiswahili alikijua, akikisema kwa haraka kama mtu anayekimbizwa. Awiti hakumpa jina lake. Alimwambia amwite Mama Oduor, basi.

Siku moja Eladio alimfuata hadi kwenye karo la kufulia.

"Mama Oduor, vile vifuniko vya mitungi ya maji usivitupe. Niwekee. Na fimbo ya ufagio ikivunjika, niwekee pia."

"Sawa, mzee," Awiti alisema. Jioni alimsimulia Mama Ciru.

"Anakusanya vifuniko."

"Labda anauza."

"Mtu wa Loresho auze vifuniko?"

"Basi ni jini," Mama Ciru alisema, akipanga makaa yake kwenye mikebe. "Majini hupenda vitu vya mviringo. Toka huko mapema."

Hakutoka, maana kazi hazipatikani hivi hivi, lakini kuanzia siku hiyo hakunywa tena chai ya nyumba ile.

Siri ya vifuniko aliijua siku ya kufua mablanketi. Yalikuwa mazito, akamleta Oduor amsaidie kuyakamua. Oduor alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mikono kama ya mpiga makasia, na kazi yake ilikuwa kupakua mawe kwenye malori ya ujenzi, siku ikipatikana. Eladio alitoka na fimbo ya ufagio, akamrushia kifuniko.

"Nirushie. Kwa nguvu. Mimi napiga."

Oduor alimtazama mamake. Mamake akatazama pembeni. Kijana akarusha. Kifuniko kilikwenda moja kwa moja, kisha karibu na Eladio kikajikunja kama mbayuwayu na kuingia chini ya mkono wake. Fimbo ilipiga hewa.

"Tena," Eladio alisema.

Alikosa tena. Alikosa mpaka akaiweka fimbo chini, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akaanza kujipangusa uso kwa shati. Awiti alidhani ameumia. Hakuumia. Alikuwa analia.

"Huyu nani alimfundisha?"

"Hakuna aliyemfundisha kitu," Awiti alisema haraka, kana kwamba mwanawe ameshtakiwa wizi.

Ndipo Eladio alipoanza kuwasimulia, siku hiyo na siku nyingi baadaye, Awiti akifua, Oduor akirusha. Kwao watoto walicheza hivyo, kwa kifuniko na fimbo ya ufagio, kwa kukosa mpira. Glavu za kudakia walikunja kwa makaratasi ya pakiti za maziwa. Mji wao ulikuwa wa miwa.

Awiti aliacha kukamua. "Miwa?"

"Miwa, mama. Kiwanda, gari la moshi la miwa, vibanda vya wakataji. Baba yangu alikata miwa mpaka mgongo ukabaki umepinda."

Wakuba waliokimbia vita vya kwao ndio waliouleta mchezo huo wa kupiga mpira kwa gongo, besiboli, kisiwani, zamani za mababu. Wakata miwa waliotoka visiwa jirani vilivyotawaliwa na Waingereza walikuja na kriketi yao, lakini watoto wao wakaiacha wakashika besiboli. Kule Marekani mtu mweusi alifungiwa mlango wa ligi kuu miaka mingi. Ulipofunguliwa, Mdominika wa kwanza akaingia mwaka wa hamsini na sita. Baadaye Kuba ikagombana na Marekani, Wamarekani wakageukia kisiwa cha akina Eladio, wakajenga kambi za timu za besiboli palepale, karibu na miwa. Siku hizi, katika kila wachezaji kumi wa ligi kuu, mmoja ni Mdominika. Eladio mwenyewe aliishia ligi za chini. Bega lilimsaliti kabla hajafika juu.

"Na hizo timu ni za nani?" Awiti aliuliza.

"Za Wamarekani."

"Na miwa, ilikuwa ya nani?"

Eladio alicheka kidogo. "Mingi ilikuwa ya Wamarekani vilevile."

"Basi hawakwenda popote hao. Walibadilisha tu wanachovuna."

"Mathe, aki wewe!" Oduor alisema. Lakini Eladio hakucheka tena.

Habari za kijana anayerusha hazikukawia kusambaa, na zilimleta Kimanzi. Kimanzi alijiita wakala. Alikuwa na viatu vyenye ncha na simu mbili, na hakuuliza majirani; Oduor mwenyewe ndiye aliyemleta hadi mlangoni, jambo ambalo Awiti alilihesabu kuwa kosa la kwanza.

"Mathe, niaje," Kimanzi alisema, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Kuna mtu wa timu ya Amerika anakuja. Kijana ana mkono, hilo halina ubishi. Shida ni miaka. Huko wanachukuliwa wakiwa na kumi na sita. Kumi na tisa kwao ni mzee."

"Basi ni mzee. Kwaheri."

"Ngoja kwanza. Nasikia ulikuwa na mwingine, Were. Huyo saa hii angekuwa na kumi na sita, ama?"

Awiti alimtazama mwanawe. Oduor aliinamisha kichwa.

"Were alikufa," Awiti alisema polepole.

"Pole sana. Lakini cheti chake cha kuzaliwa hakikufa. Oduor anakuwa Were kwa miaka michache tu. Na marehemu hawezi kulalamika."

Karibu na mlango kulikuwa na beseni la maji ya sabuni yaliyotumika. Majirani walimwona wakala akitoka mbio, shati limemganda mgongoni, simu zote mbili kazinyanyua juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi.

Oduor alikasirika vibaya.

"Ni jina tu, mathe! Unataka nibebe mawe hadi nizeeke?"

"Si jina tu. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho."

Hawakusemezana. Ni Eladio aliyewapatanisha, bila kujua. Aliposikia shauri la Kimanzi, alisema kwamba kwao wakala kama huyo yuko katika kila mtaa. Jirani yao mmoja alichukua jina la mdogo wake ili aonekane mtoto, akasajiliwa, akaondoka. Mdogo akakua. Akawa anarusha kuliko kakake. Wakaja watu wa timu wakamuuliza jina, akakosa la kusema, maana jina lake lilikuwa Marekani, na kakake amelivaa.

"Akafanya nini?" Oduor aliuliza.

"Alirudi kwenye miwa."

Oduor alikichezea kifuniko mkononi muda mrefu. Mwishowe akasema ataenda na umri wake mwenyewe, wakimkataa wamkatae.

Hawakumkataa. Mtu wa timu alikuja, mfupi, kimya, kofia imemfunika macho, akamtazama Oduor akirusha katika uwanja mmoja wa Parklands. Eladio alitafsiri maneno yake: kwa mkono ule, hata akiwa na kumi na tisa, watampeleka kambini Dominika kwa majaribio. Ila lazima kijana athibitishwe kwamba ndiye. Timu zimedanganywa sana kuhusu majina na umri. Kuna mwanamke hapa Nairobi, Waceke, aliyeajiriwa kuchunguza. Akisema ndiyo, kijana anasafiri. Akisema hapana, mambo yameisha.

Awiti alirudi Kangemi akisubiri. Siku zikapita. Kisha Eladio akamfuata karoni, uso umemshuka.

"Mama, Waceke amesema hapana. Anasema familia hiyo haipo."

"Haipo vipi?"

"Alikwenda Kangemi na majina ya kwenye cheti cha kijana. Alitafuta. Hakuna Awiti, hakuna Oduor. Anaamini kijana ametengenezwa, na huenda mama pia ametengenezwa."

Awiti alimjua mkosaji papo hapo: Kimanzi. Amelipiza lile beseni. Alitoka Loresho na povu mikononi, akaiteremka njia ya Kangemi akisema peke yake, akipanga atakavyomshika kola. Alipofika kwa Mama Ciru, Mama Ciru alimlaki kwa furaha.

"Njoo unishukuru! Nimesahau kukuambia. Juzi ulikuwa kazini, nikakufichia mtu. Tena mkubwa, wa suti, wa gari. Akaniambia, 'Shosh, unamjua Awiti?' Nikamwambia hapa hakuna Awiti. Akaniuliza kama kuna mtoto anaitwa Oduor. Nikamwambia simjui, tena nikaapa kwa Mungu wa Mount Kenya. Akaenda kwa fundi viatu, fundi naye akamkana. Akaenda kwa mama wa mandazi, naye hivyohivyo. Hakupata hata unywele wako!"

Awiti alikaa kwenye gunia la makaa kwa sketi yake ya kazini. Hakuweza hata kugomba. Wote walikuwa wamefanya sawasawa na alivyowaambia.

Kesho yake walikwenda Westlands, yeye na Mama Ciru, kwenye jengo la vioo ambapo Waceke ana ofisi. Waceke alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi na sauti isiyopanda. Alimtambua Mama Ciru mara moja.

"Wewe si ndiye uliyeapa kwamba hujawahi kumsikia huyu?"

"Ndiyo," Mama Ciru alisema, "lakini leo namjua. Tumekaa naye mlango kwa mlango miaka kumi na zaidi. Ananidai hata kijiko."

"Sasa nikuamini la juzi ama la leo?"

"La leo, madam. La juzi nilikuwa nadanganya."

"Na kesho utaniambia nini?"

Mama Ciru alianza kuapa tena, Waceke akamzuia kwa kiganja.

Waceke alimgeukia Awiti. Alisema jirani anayeweza kukana kwa kiapo anaweza pia kukubali kwa kiapo. Na kuna jambo jingine: amesikia kulikuwa na watoto wawili wa kiume, na mmoja alifariki. Vyeti huazimwa. Atajuaje kwamba aliyekufa ni yule mdogo, na huyu si mtu wa tatu aliyevalishwa jina la mmoja wao?

"Mimi mama yake nakwambia."

"Kila mama huniambia. Niletee mtu aliyewajua wote wawili, asiye na sababu ya kukupenda."

Awiti alielewa papo hapo ni nani, na akatamani asingeelewa. Ukoo wa mume? Shemeji angefurahi kumkana hata Oyoo mwenyewe. Aliyebaki ni mmoja. Alimrudisha Mama Ciru nyumbani, akaenda Parklands peke yake.

Mukonyo alikuwa akiuza chai na chapati kando ya ukuta wa hospitali. Alikuwa amenenepa na amechoka. Alimwona Awiti kwa mbali, akauacha mwiko kwenye kikaango.

"Umekuja kupigana?"

"Nimekuja kukuuliza kitu. Unakumbuka watoto wangu?"

"Were alikufa mikononi mwangu nikiwa nimemshikilia, wewe umeenda kuchota maji ya moto. Nisahau vipi?"

Awiti hakuwa akilijua hilo. Alisimama akiliangalia joto la kikaango likitetemesha hewa. Kisha akamweleza habari yote, haraka, bila kumtazama. Alipomaliza alitaja na lile lingine, kwa sababu lilikuwa limemkaba miaka yote.

"Na wale watu wa karatasi ulionitumia, nao nisiwasahau."

"Watu gani?" Mukonyo alisema. "Wawili, wamevaa vizuri? Waliokunywa chai?" Aliinua kidole gumba chake, kimepakaa unga. "Hata mimi niliweka. Nilidhani wewe ndiye uliyewatuma."

Awiti hakujua aamini ama asiamini. Uongo mzuri huwa hivyohivyo, una unga kidoleni. Lakini hakuwa na mtu mwingine.

Mukonyo alivua aproni, akamwachia jirani yake jiko. Huko Westlands Waceke aliwatenganisha. Awiti aliambiwa akae nje, upande wa pili wa mlango wa kioo. Aliwaona wakizungumza na hakusikia neno. Aliona mdomo wa Mukonyo ukienda, mkono wake ukipima urefu wa mtoto mdogo, kisha wa mtoto mkubwa kidogo. Alimwona Waceke akiuliza, Mukonyo akitikisa kichwa. Anakataa nini? Anasema aliyekufa ni nani? Akitaka kumwangamiza, hii ndiyo nafasi, wala hahitaji kudanganya sana. Kubadilisha mkono mmoja tu, mrefu kwa mfupi. Mwanamke aliyemchukulia mume, akampa mgongo miaka hii yote, amekalishwa kitini na kuulizwa kwa heshima kuhusu mtoto wake. Awiti alisimama, akakaa, akasimama tena. Bawabu wa jengo alimwambia atulie. Akamwambia, "Tulia wewe, mtoto ni wako?"

Mlango ulifunguka. Waceke alitoka kwanza.

"Amemtambua kijana kwenye picha, na amesema Oduor alikuwa amevaa sare ya shule siku ile wodini," alisema. "Darasa la kwanza. Kwamba alikataa kula uji hadi mdogo wake aamke. Nikamuuliza kama anakupenda. Akasema hapana, hata kidogo." Akaitazama simu yake. "Nitaandika kwamba ni yeye. Mwambie kijana atafute pasipoti."

Awiti alitaka kushukuru, lakini maneno ya shukrani yalikuwa yamemkauka kwa kutotumiwa. Aliitikia kwa kichwa tu. Waceke akarudi ndani.

Wanawake wawili waliteremka ngazi. Nje Westlands ilikuwa imejaa magari yasiyosonga, honi juu ya honi. Awiti alisubiri mpaka walipofika ukingo wa barabara, ndipo akauliza alichokuwa amekibeba tangu juu.

"Sasa sema. Unataka nini?"

"Nani kasema nataka kitu?"

"Mukonyo. Mimi si mtoto."

Mukonyo alirekebisha kitambaa chake kichwani. Alitazama magari.

"Yule wangu wa pili," alisema mwishowe. "Wa Oyoo. Ana kumi na mbili. Ukiona anavyotungua maembe ya Wahindi kwa mawe, mpaka wananiletea kesi kila wiki. Huyo mzee wa vifuniko, anafundisha watu wengine, ama ni Oduor peke yake?"

Awiti alihisi kifua kikimfunguka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hii sasa alikuwa akiielewa. Wema usio na bei ungemkosesha usingizi.

"Ana miaka mingapi kweli?" aliuliza. "Ya kweli, si ya kuuza."

"Kumi na mbili ya kweli. Nilimzaa mwenyewe."

"Basi mlete Jumamosi Loresho. Lakini mwambie aje kwa jina lake."